Somo la Afya: Kijidudu cha Kifua Kikuu na Chembe Zinazokimeza

Swali moja huulizwa mara nyingi katika zahanati za mitaa ya mashariki ya Nairobi, tangu Pumwani na Shauri Moyo mpaka Kayole na Dandora, nao waliulizao ni watu wenye akili timamu na sababu ya kuuliza. Mtu amepimwa makohozi, ameambiwa ana kifua kikuu, naye ameanza kumeza vidonge. Baada ya wiki tatu kikohozi kimepungua. Baada ya miezi miwili homa ya jioni imekwisha, nguo zilizokuwa zikimpwaya zaanza kumkaa vema, na yule aliyemshikia kibanda chake cha Gikomba amekwisha kutuma salamu mara mbili. Hapo humwambia mwuguzi: "Sista, mimi nimepona. Hii miezi minne iliyobaki ni ya nini?"

Kumjibu kwamba ndivyo ilivyoagizwa hakutoshi, wala si haki kumjibu hivyo mtu mzima ambaye kila siku ya foleni ni siku ya mshahara uliopotea. Jibu la kweli lapatikana kwa kufahamu mahali kijidudu hiki kinapoishi mwilini, nalo ni la ajabu: chaishi ndani ya chembe zile zile ambazo kazi yake ni kukila. Katika somo hili tutaeleza jinsi jambo hilo linavyowezekana. Msomaji asitishwe na majina mageni, kwa kuwa ni machache, na kila moja litaelezwa.

Kijidudu cha kifua kikuu ni cha jamii ya bakteria. Kina umbo la kijiti, na udogo wake ni kiasi kwamba ukivipanga kimoja baada ya kimoja, vitahitajika mia tatu hivi ndipo vikaribie urefu wa milimita moja. Aliyekitambulisha ni daktari Mjerumani, Robert Koch, ambaye alitangaza habari zake mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882. Mgonjwa wa mapafu ambaye hajaanza dawa, akikohoa, akiimba au hata akizungumza, hutoa vitone vidogo mno. Vitone vikubwa huanguka chini upesi. Vile vidogo hukauka vikabaki vikielea hewani kwa muda wa saa kadhaa. Penye jua kali vijidudu hufa, na penye upepo hutawanyika. Lakini chumba kimoja ambacho dirisha lake limezibwa na kabati, na ndani wamelala watu sita, ni habari nyingine kabisa. Nyumba nyingi za zamani za upande huu wa mji zilijengwa kwa fikira ya kwamba mfanyakazi ni mwanamume aliye peke yake, aliyeacha jamaa yake mashambani, na kwamba mahali pa kitanda patamtosha. Jamaa walikuja, watoto wakazaliwa, kisha wajukuu, na vyumba ni vile vile. Basi tusemapo kwamba ugonjwa huu hupenda mitaa yenye msongamano hatumlaumu mkazi. Twasema habari ya hewa anayoivuta.

Pua, koo na njia za pumzi hunasa uchafu mwingi kabla haujafika ndani. Vitone vile vidogo, vyenye kijidudu kimoja au viwili tu, hupenya vizuizi vyote na kufika mwisho wa safari, katika vifuko vya hewa ambavyo vimo mamilioni kwa mamilioni katika kila pafu. Huko hukutana na chembe kubwa, laini kama tone la uji, isiyo na umbo moja, itambaayo juu ya kuta za vifuko ikiokota vumbi, masizi na vijidudu. Wataalamu huiita makrofaji, neno la Kiyunani lenye maana ya mlaji mkubwa. Sisi tutaiita chembe-mlaji.

Aliyegundua kazi ya chembe za namna hiyo ni Mrusi mmoja mtaalamu wa wanyama, Ilya Metchnikoff. Mwaka 1882, alipokuwa Messina katika kisiwa cha Sicily, alichoma miiba midogo ndani ya watoto wachanga wa kiti cha pweza, mnyama ambaye wavuvi wa pwani yetu wamjua sana. Walio wachanga miili yao hupenya nuru kama kioo. Asubuhi yake alipotazama kwa hadubini aliona chembe zimekusanyika kuuzunguka mwiba kila upande. Akafahamu kwamba mwili una chembe zinazoondoka mahali pake na kumwendea mgeni. Mwaka 1908 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Paul Ehrlich wa Ujerumani kwa kazi yao juu ya kinga ya mwili.

Sasa na tutazame ndani ya chembe-mlaji yenyewe, maana hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Chembe ikigusana na kijidudu hukikumbatia kwa ngozi yake, ngozi hufunga nyuma yake, na kijidudu hujikuta kimo ndani ya kifuko. Kwa kawaida kifuko hicho huanza kutiwa tindikali, kisha huungana na vifuko vingine vilivyojaa maji makali ya kuyeyushia chakula. Bakteria wengi wakifika hapo mambo yao yamekwisha, kama punje ya mtama iliyoingia katika firigisi ya kuku. Vipande vyao vilivyobaki chembe-mlaji huvitoa na kuvionyesha juu ya ngozi yake, ili chembe nyingine za kinga zijue ni mgeni gani aliyeingia.

Kijidudu cha kifua kikuu hakipitii njia hiyo. Mwaka 1971 watafiti wawili wa London, Armstrong na D'Arcy Hart, walieleza jambo waliloliona kwa hadubini ya elektroni: vifuko vyenye vijidudu vilivyokufa huungana na vifuko vya maji makali kama kawaida, bali vile vyenye vijidudu vilivyo hai mara nyingi haviungani. Maana yake ni kwamba kijidudu chenyewe ndicho kinachozuia. Tangu hapo imejulikana baadhi ya njia zake. Kimevikwa ganda nene lenye nta na mafuta ya namna yake, na mengine ya mafuta hayo huvuruga alama ambazo kifuko huzihitaji ili kitambuliwe na vifuko vya maji makali. Tena hutoa protini zinazozima mashine ya kuingizia tindikali, hata kifuko kikabaki na ukali hafifu tu. Humo hukaa, hula mafuta ya mwenyeji wake, nacho huzaana taratibu. Bakteria wa tumboni aweza kugawanyika kila dakika ishirini akipata chakula. Huyu huhitaji karibu siku nzima. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hapa aliyevaa nguo hiyo ni mlinzi mwenyewe.

Isidhaniwe kwamba bakteria wote hutumia hila hii moja. Yule wa homa ya mapafu, aitwaye numokoki, hujifunika utelezi ili asishikike, na akishamezwa kwa kweli hana ujanja wa kutosha wa kujiokoa. Yule wa kisonono hubadili vazi lake kila mara, hata mwili usiweze kumkumbuka. Yule wa homa ya matumbo, ambayo wakazi wa Nairobi waijua kwa jina la taifodi, ndiye aliye karibu zaidi na mwenzake wa kifua kikuu, kwa kuwa naye huishi ndani ya chembe-walaji na kusafiri nazo mpaka kwenye ini, wengu na uboho wa mifupa. Ila yeye huingia kwa maji na chakula, na somo lake lastahili ukurasa wake.

Turudi mapafuni. Wiki za kwanza hupita bila mwenye mwili kujua lolote. Chembe nyingine za kinga huchukua vipande vya kijidudu na kuvipeleka kwenye tezi zilizo katikati ya kifua, ambako zimo chembe ziitwazo chembe za T. Kila chembe ya T huwa na uwezo wa kutambua adui wa namna moja tu, hivyo ile inayofaa lazima kwanza ipatikane, kisha izaane mpaka iwe jeshi. Shughuli hiyo huchukua wiki mbili na zaidi. Zikishafika mapafuni, zile zilizo na alama ya CD4 hutoa kemikali iitwayo interferoni gama, nayo huiamsha chembe-mlaji. Iliyoamshwa hivyo huweza kukishinda kizuizi: hutia tindikali, hutengeneza sumu zake, na vijidudu vingi hufa. Vile visivyokufa huzingirwa. Chembe-walaji hujipanga tabaka juu ya tabaka, chembe za T zikazunguka nje, na mahali pale pakawa kifundo kigumu ambacho wataalamu hukiita granuloma.

Kwa watu walio wengi habari huishia hapo. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba kama robo ya watu wote ulimwenguni wamekwisha kuambukizwa kijidudu hiki, lakini katika kila watu 100 wa namna hiyo ni 5 hadi 10 tu watakaougua katika maisha yao. Waliobaki hawakohoi kwa sababu yake, hawamwambukizi mtu, wala hapana sababu ya kuwatenga kwa sahani wala kwa kikombe. (Kikombe, kwa hakika, hakileti kifua kikuu hata kwa aliye mgonjwa. Yafaa jambo hili lisemwe waziwazi, maana nyumba nyingi zimevunjika moyo kwa ajili ya kikombe.)

Kwa wale wachache ambao kifundo hakikushika, mambo huenda vingine, na hapa mfano wa vita ambao hupendwa sana na waandishi wa habari za afya hautufai tena. Katika vita ya kawaida adui ndiye abomoaye nyumba. Katika kifua kikuu, sehemu kubwa ya ubomoaji hufanywa na chembe za mwili wenyewe. Katikati ya kifundo nyama hufa ikawa nyeupe na laini kama jibini. Chembe za kinga huendelea kuja na kumwaga maji yao makali. Jibini hilo huyeyuka, na siku moja hupasukia katika njia ya pumzi. Panapobaki ni shimo. Katika shimo hilo mna hewa tele na hamna chembe-mlaji wa kusumbua, nacho kijidudu huzaana humo kuliko kilivyopata kuzaana. Kikohozi sasa chakitoa nje. Damu ionekanayo katika makohozi mara nyingi yatoka katika mshipa uliomomonyoka ukingoni mwa shimo. Fikiri, msomaji: kijidudu ambacho kingekaa kimya ndani ya kifundo kisingefika kamwe kwa mtu wa pili. Chahitaji mwili umkasirikie ndipo kipate njia ya kutokea.

Ugonjwa wa ukimwi ulituonyesha kazi ya chembe za CD4 kwa njia ya uchungu. Mgonjwa wa kwanza wa ukimwi alitambuliwa Kenya mwaka 1984, na katika miaka iliyofuata wagonjwa wa kifua kikuu waliongezeka maradufu kwa maradufu, kwa kuwa virusi vya ukimwi huziharibu chembe hizo hizo zinazomwamsha mlaji. Vifundo vilivyokuwa vimeshika kwa miaka vililegea. Tena, mtu ambaye kinga yake imeanguka sana mara nyingi hapati shimo katika pafu, maana hana chembe za kutosha za kulichimba. Kwa hiyo makohozi yake yaweza kuonekana safi chini ya hadubini ilhali ni mgonjwa mahututi. Hata dawa ziligeuka. Tayasetazoni, dawa ya bei rahisi iliyotumika kwa miaka mingi katika Afrika Mashariki, ilionekana kuwachubua ngozi wenye virusi, wengine hata kufa, na uchunguzi uliofanywa Nairobi na kuchapishwa mwaka 1991 ulisaidia sana kuifanya iachwe.

Walakini lipo kosa la pili lililozaliwa na mambo hayo, la kudhani kwamba kila mwenye kifua kikuu ana ukimwi. Uchunguzi wa nchi nzima uliofanywa na serikali ya Kenya mwaka 2015 na 2016 ulikuta watu wazima 558 wenye kifua kikuu cha mapafu katika kila 100,000, wa mijini wakiwa wengi kuliko wa mashambani, na wanaume kuliko wanawake. Walio wengi kati yao hawakuwa na virusi vya ukimwi. Tena wengi walikuwa bado hawajaanza matibabu. Walikuwa wakienda kazini na kupanda matatu kama watu wengine. Woga wa kusemwa mtaani huwaweka watu nyumbani na kikohozi chao, na hewa ya chumba hushirikiwa na wote.

Sasa twaweza kulijibu lile swali la miezi sita. Vijidudu mwilini mwa mgonjwa haviko katika hali moja. Vile vilivyo ndani ya shimo huzaana upesi, na hivyo hufa kwa wingi katika siku na wiki za kwanza za dawa. Kufa kwao ndiko kunakotuliza homa na kikohozi. Vingine vimo ndani ya chembe-walaji, penye tindikali hafifu, navyo huzaana kidogo sana. Vingine vimo katikati ya vifundo, pasipo hewa, vimelala. Dawa nyingi huua kijidudu kinapokuwa katika kazi ya kujijenga. Kilicholala hakijengi kitu, na dawa haina pa kukishika. Ndiyo sababu wagonjwa wa kifua kikuu cha kawaida hupewa dawa nne kwa miezi miwili, na mbili kati ya hizo kwa miezi minne zaidi. Pirazinamidi hufanya kazi vizuri zaidi mahali penye tindikali. Rifampisini huweza kukipata kijidudu hata kinapoamka kwa muda mfupi kisha kikalala tena. Miezi minne ya mwisho ni ya kuvingojea hivi vya usingizini.

Jambo hili halikubuniwa mezani, na sehemu kubwa ya ushahidi wake ilitoka kwetu. Zamani matibabu yalichukua miezi kumi na minane au zaidi, na wengi waliyaacha njiani. Nairobi palikuwa na Kituo cha Afrika Mashariki cha Uchunguzi wa Kifua Kikuu, ambacho pamoja na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza kilifanya majaribio mengi. Jaribio moja lililoanza mwaka 1970 katika Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia liliwapa wagonjwa dawa kwa miezi sita tu, na matokeo yake ya kwanza yalichapishwa mwaka 1972. Waliopata rifampisini pamoja na isoniazidi na sindano za streptomisini walirudiwa na ugonjwa karibu watatu tu katika kila mia. Waliopata isoniazidi na streptomisini peke yake walirudiwa zaidi ya robo, ingawa mwisho wa miezi sita nao walionekana wamepona. Matibabu ya miezi sita ambayo ulimwengu mzima umeyatumia tangu hapo yana mizizi yake katika makohozi ya wagonjwa hao, ambao majina yao hayamo katika vitabu.

Mtu aachaye dawa katikati huviachia vile vilivyolala nafasi ya kuamka, na kama miongoni mwake vimo vilivyojua kustahimili dawa, hivyo ndivyo vitakavyozaana. Kifua kikuu sugu hutibiwa kwa dawa nyingine zenye madhara mengi zaidi. Kipimo cha GeneXpert, kilichopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2010, hutafuta urithi wa kijidudu katika makohozi na kueleza kwa muda wa saa mbili hivi kama rifampisini itafaa au la. Katika vituo vya serikali dawa za kifua kikuu hutolewa bure. Walioishi chumba kimoja na mgonjwa wapelekwe pia kupimwa, hasa watoto wadogo, ambao kinga yao haijajua kushika kifundo.

Limebaki jambo la chanjo. Mtoto azaliwaye katika Hospitali ya Pumwani, kama watoto wengine nchini, huchanjwa BCG katika mkono wa kushoto. Chanjo hiyo ni kijidudu hai cha jamii hiyo kilichopatikana kwa ng'ombe, ambacho Wafaransa wawili, Calmette na Guérin, walikihamisha kutoka chakula hiki hadi kile tangu mwaka 1908 mpaka kikapoteza ukali wake. Kilitumika kwa binadamu mara ya kwanza mwaka 1921. Kwa muda mrefu hapana aliyejua kilipoteza nini. Sasa yajulikana kwamba kilipoteza kipande cha urithi chenye kutengeneza protini za kutobolea ukuta wa kifuko ndani ya chembe-mlaji. Kovu dogo ambalo wasomaji wengi wanalo mkononi ni alama ya chembe-walaji na chembe za T zilizokutana mahali pale na kijidudu kisicho na meno.

BCG huwakinga watoto wachanga dhidi ya kifua kikuu cha ubongo na kile kienezwacho mwili mzima. Kwa watu wazima haikingi mapafu vya kutosha. Chanjo nyingine, M72, ilijaribiwa kwa watu wazima wa Kenya, Afrika Kusini na Zambia waliokuwa wameambukizwa bila kuugua na wasiokuwa na virusi vya ukimwi. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2018 na 2019 yalionyesha kwamba ilipunguza wagonjwa kwa karibu nusu katika muda wa miaka mitatu. Jaribio kubwa zaidi, ambalo Kenya ni mojawapo ya nchi zilizochaguliwa, lilianza Afrika Kusini mwezi Machi 2024. Anayechanjwa hudungwa sindano mbili, ya pili mwezi mmoja baada ya ya kwanza.